Somo la Wiki: Fungu la Anayebaki na Vyombo

Masomo: 1 Samweli 30:1–25; 1 Wakorintho 7:5; Marko 6:30–32



Wikiendi ijayo akina baba wa kanisa letu wanakwenda mafungoni Derbyshire. Wataondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili jioni. Majina yao yamesomwa mbele ya kanisa, wamesimama, tumewaombea. Ni jambo jema, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini somo la leo ni la wale ambao majina yao hayakusomwa. Ni la wanaobaki nyumbani na watoto, na sufuria, na nguo za shule za Jumatatu. Akina mama wakienda mafungo yao, litakuwa somo la akina baba.

Tunaliandika kwa sababu tumewahi kubaki, na tulibaki vibaya.

Mwaka ule baba watoto alikwenda kwa furaha nyingi. Tuliobaki tulikuwa wanne: mama na watoto watatu. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku Ijumaa asubuhi, akalala saa tatu tu, akaenda kuchukua watoto shuleni. Usiku wa kuamkia Jumamosi mdogo wetu, aliyekuwa na miaka minne, akashikwa na homa. Tukapiga simu Derbyshire. Haikupatikana. Tukapiga tena na tena, kumbe kule bondeni hakuna mtandao. Mama ambaye kazini anawatuliza wazazi wa watu wengine alikaa chini kwenye sakafu ya bafu na mtoto mapajani, akalia kama mtu ambaye hajawahi kushika kipima joto.

Mtoto alipona. Jumapili jioni baba akaingia mlangoni akiimba, uso unang'aa, mikono imejaa vitabu. Akaanza kusimulia alichotendewa na Bwana. Sisi tukampa mtoto, tukapanda ghorofani, tukafunga mlango. Hatukuzungumza mpaka Jumanne. Yeye alidhani tumechukia mafungo. Sisi tulidhani yeye hajali. Wote tulikuwa tumekosea. Siku hiyo ya Jumanne tulipofungua Biblia kwa sababu hatukujua la kufanya, tulifika kwenye kijito cha Besori.

1. Watu mia mbili kwenye kijito

Daudi na watu wake mia sita walirudi Siklagi siku ya tatu wakakuta mji umechomwa moto. Waamaleki walikuwa wamewachukua wake zao na watoto wao wote. Walilia hadi nguvu zikawaishia. Watu walikuwa na uchungu kiasi cha kutaka kumpiga Daudi kwa mawe. Yeye akajitia nguvu katika Bwana, akaomba shauri, kisha wakaanza kufuatia.

Walipofika kijito cha Besori, mia mbili walishindwa kuvuka kwa uchovu. Mia nne wakaendelea na Daudi. Mia mbili wakabaki na mizigo. Biblia yetu ya Kiswahili inaiita mizigo ile "vyombo". Kila anayesoma mstari wa 24 akiwa na beseni la vyombo vichafu jikoni anajua kwamba neno hilo limemfikia.

Bwana akawapa ushindi, wakarudisha kila kitu. Walipokuwa wanarudi, baadhi ya waliokwenda vitani wakasema wale waliobaki wasipewe nyara, kila mtu achukue mke wake na watoto wake aende zake. Daudi akakataa. Akaamua kwamba aliyeshuka vitani na aliyebaki na vyombo watapata fungu sawasawa. Mstari wa 25 unasema jambo hilo likawa sheria katika Israeli tangu siku ile.

Tuangalie mambo mawili hapo.

La kwanza, waliobaki hawakubaki kwa uvivu. Walikuwa wamechoka. Walikuwa wamepoteza wake na watoto kama wenzao. Wengi wetu tunaobaki tunafika Ijumaa jioni tukiwa tayari tumechoka: zamu ya saa kumi na mbili kwenye nyumba ya wazee, usiku kwenye ghala, mchana kwenye usafi. Mungu hakuwakemea wale mia mbili kwa kuchoka.

La pili, angalia mstari wa 21. Daudi aliporudi, kabla ya habari ya nyara, aliwakaribia wale waliobaki akawauliza hali zao. Alisalimu kwanza. Hicho ndicho kilichokosekana nyumbani kwetu Jumapili ile. Simulizi zilikuja kabla ya salamu.

2. Masharti matatu ya Paulo

Katika 1 Wakorintho 7:5 Paulo anazungumzia mume na mke kutengana kwa ajili ya maombi. Anaruhusu, lakini anaweka masharti. Wapatane kwanza. Iwe kwa muda. Kisha wakutane tena. Paulo anazungumzia hasa haki ya ndoa, lakini hekima yake inatufaa kwa kila safari ya kiroho inayomtoa mmoja nyumbani.

Kupatana maana yake si kupewa taarifa. Wako wapendwa waliojua kwamba mwenzi wao anakwenda mafungoni pale waliposikia jina lake likisomwa kanisani. Huko ni kushtukizwa. Kupatana ni kukaa mezani wiki mbili kabla na kuulizana: Zamu zako zikoje? Nani atampeleka mtoto mpirani Jumamosi? Pesa ya mafungo inatoka wapi, na ya chakula cha wiki itabaki? Kama jibu ni kwamba safari hii haiwezekani, basi mwenye kubaki aseme bila woga, na mwenye kwenda asikie bila kusema kwamba shetani anapinga kazi ya Mungu. Mara nyingine si shetani. Ni ratiba tu.

Na Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko 6, aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Mafungo ni pumziko halali. Lakini kama pumziko la mmoja linanunuliwa kwa uchovu wa mwingine, lazima wa pili naye awekewe siku yake.

3. Kwa nini kubaki hapa ni kuzito kuliko nyumbani

Wazee wetu walijua mikutano mikubwa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipowaka miaka ya 1930, kutoka Gahini Rwanda na kwenye mkutano wa Kabale, Uganda, mwaka 1935, hadi Kenya na Tanganyika, watu walisafiri mbali kwenda kusikia Neno na kutubu. Daktari Joe Church, Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, alikuwa mtu wa mafundisho ya Keswick, mkutano ulioanza mwaka 1875 kaskazini mwa Uingereza, saa chache tu kutoka hapa Birmingham. Kwa hiyo mafungo yetu ya Derbyshire si jambo geni. Tunakunywa maji ya mto ambao bibi na babu zetu walikunywa.

Lakini kuna tofauti moja. Mtu alipokwenda mkutanoni kule nyumbani, aliyebaki hakubaki peke yake. Palikuwa na bibi, shangazi, wifi, jirani wa kuazima chumvi na wa kumshika mtoto. Mtoto akipata homa usiku, ulimwita mama mkwe aliyelala nyumba ya pili. Hapa Birmingham unabaki na milango iliyofungwa pande zote mbili. Jirani unamjua kwa kumpungia mkono. Mwenzi wako akitoka, nusu ya ukoo wako wote wa nchi hii imetoka.

Ndiyo maana hatuwezi kumwambia anayebaki "vumilia, mtegemee Mungu" halafu tukaenda zetu. Kule nyumbani Mungu alimsaidia kwa mikono ya bibi. Hapa mikono hiyo ni yetu, kanisa.

4. Kabla basi halijaondoka

Haya ni mambo ya kufanya kabla ya Ijumaa. Tunayasema kama wauguzi na kama wazazi.

Andika kwenye karatasi na ubandike mlangoni mwa friji: simu ya mezani ya mahali pa mafungo, siyo ya mkononi tu, namba ya kiongozi wa msafara, namba za familia mbili za kanisa zinazokaa karibu. Patana saa moja ya kupigiana simu kila siku. Anayekwenda aiheshimu saa hiyo hata kama mhubiri hajamaliza.

Angalia dawa. Parasetamoli ya maji ya watoto iwepo, na muda wake uwe haujapita. Fuata kipimo cha umri kilicho kwenye chupa, acha angalau saa 4 kati ya kipimo na kipimo, wala usizidishe mara 4 ndani ya saa 24. Andika saa uliyompa. Usiku wa manane akili inasahau, na sisi tulisahau.

Kama mtoto anaumwa na hujui la kufanya, piga 111. Ni bure, wanapokea usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani. Mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na joto la 38 au zaidi, usisubiri asubuhi. Piga 999 kama anapumua kwa shida, kama haamki au hawezi kukaa macho, kama amepata degedege kwa mara ya kwanza, au kama ana vipele visivyofifia ukivibonyeza kwa glasi. Usimpigie mchungaji kwanza. Piga 999, kisha mpigie mchungaji aombe.

Kama umetoka zamu ya usiku na una mtoto mchanga, usikae naye kwenye sofa ukisema utafumba macho kidogo. Kulala na mtoto mchanga kwenye sofa au kiti ni hatari kubwa kwake. Mlaze kwenye kitanda chake, chali, au mwite mtu amshike.

Na hili tunalisema kwa upendo: msiwaache watoto peke yao. Sheria ya England haitaji umri maalumu, lakini ni kosa kumwacha mtoto peke yake kama hilo linamweka hatarini. NSPCC, shirika la kulinda watoto, linashauri kwamba wa chini ya miaka 12 ni nadra kuwa tayari kuachwa peke yake kwa muda mrefu, na wa chini ya miaka 16 asiachwe usiku kucha. Kule nyumbani dada wa miaka kumi hulea wadogo zake na kijiji kizima kinatazama. Hapa hakuna kijiji kinachotazama. Kama mmoja yuko mafungoni na mwingine ana zamu ya Jumamosi, sema mapema. Tutapanga. Ni afadhali mtu mmoja asiende mafungoni kuliko watoto wabaki bila mtu mzima.

5. Siku tatu za anayebaki

Ijumaa jioni ndiyo ngumu kuliko zote, maana nyumba inanyamaza ghafla. Usijaribu kufanya kazi kubwa. Chakula kiwe chepesi, hata mayai na mkate. Soma na watoto kisa cha kijito cha Besori. Watoto wanakipenda, hasa pale Daudi anapompa Mmisri mwenye njaa maji, mkate na tini. Mwombeeni aliyekwenda, na kila mtoto aseme jambo moja analomwombea. Kisha laleni mapema. Vyombo vitakungoja. Ndiyo kazi yake vyombo.

Jumamosi tokeni nje. Nyumba ndogo yenye watoto watatu na mvua dirishani huzaa ugomvi kufikia saa tano asubuhi. Cannon Hill Park haina kiingilio, na watoto wanaweza kukimbia mpaka wachoke wao badala yako. Maktaba kuu ya mji, iliyofunguliwa mwaka 2013 pale Centenary Square, ina vitabu vya watoto na joto la bure. Angalia saa za kufungua kabla ya kwenda. Siku ya jua nendeni Lickey Hills mkauone mji kutoka juu. Sokoni Bull Ring mnapata ndizi na mihogo, na mtoto akibeba mfuko mmoja anajiona mtu mzima. Hata kupanda basi namba 11 linalozunguka mji, mkikaa juu mbele, ni safari tosha kwa mtoto wa miaka sita.

Jumamosi alasiri watoto wakitulia, chukua nusu saa yako. Si ya kufua. Si ya simu. Kaa na Neno, au kaa kimya tu. Tumegundua kwamba hasira yetu ya mwaka ule haikuwa juu ya homa peke yake. Tulikuwa tunaona wivu. Mwenzetu alikuwa anakula mezani pa Bwana, nasi tunaokota makombo ya nafaka chini ya kiti cha mtoto. Tulifikiri Mungu yuko Derbyshire. Tulipomwambia Mungu wivu huo waziwazi, hakutukasirikia. Alikuwepo hata kwenye sakafu ya bafu. Sisi ndio tulikuwa tunamtafuta kwenye simu isiyopatikana.

Jumapili njoo kanisani, hata ukichelewa, hata kama soksi za mtoto hazifanani. Wahudumu wa mlangoni wameambiwa: anayekuja peke yake na watoto apokelewe, mtoto abebwe, mzazi akae asikilize mahubiri yote walau mara hiyo moja.

6. Mlango unapofunguliwa

Sasa neno kwa anayerudi. Umeguswa, umelia, umetengenezwa upya. Utukufu kwa Bwana. Lakini unapoingia, fanya kama Daudi: salimia kwanza. Uliza, "Mlilalaje? Nani aliumwa? Umekula?" Shika mtoto, osha vyombo, mpeleke mwenzako akalale. Ushuhuda wako utakaa siku mbili bila kuharibika. Mwenzako akikuona jikoni Jumapili usiku, atakuwa ameshaanza kuusikia.

Na neno kwa aliyebaki. Usimngoje mlangoni na hesabu. Andika kwenye karatasi yale yaliyokuumiza, uyaseme Jumatatu mkiwa mmelala vizuri. Kisha mwombe asimulie, usikilize kweli, kwa sababu ile ni nyara, na fungu lako limo ndani yake. Ukikataa kusikia kwa hasira, unajinyima mwenyewe haki ambayo Daudi aliipigania.

Nyumbani kwetu tuliweka sheria baada ya Jumanne ile. Mmoja akienda, mwingine anaandikiwa tarehe yake kwenye kalenda kabla wa kwanza hajafunga begi. Mwaka uliofuata mama alikwenda na baba akabaki. Alipiga simu Jumamosi saa nane kuuliza mahali sare za shule zinapowekwa. Tulicheka wote wawili. Jioni ile ya Jumapili ndiye aliyekuwa amekaa kwenye ngazi amechoka, nasi ndio tulioingia tukiimba. Tukakumbuka. Tukanyamaza, tukauliza kwanza, "Mlilalaje?"

7. Wanaobaki kwa muda mrefu

Wako kati yetu ambao kwao kubaki si wikiendi moja. Mwenzi yuko Nyarugusu au Bujumbura anangoja karatasi, mwaka wa tatu sasa. Wako wajane. Wako wanaolea peke yao. Wako ambao mwenzi hataki kusikia habari za kanisa. Wapendwa, hatujawasahau. Tukipanga nani apelekewe chakula wikiendi ijayo, majina yenu yawemo, na mafungo yakiisha yasifutwe. Sheria ya Besori haikutungwa kwa siku moja.

Maswali ya kujadili nyumbani

Kwa wanandoa: Mara ya mwisho mmoja wetu alipokwenda, tulipatana au tulipeana taarifa? Tarehe ya mwingine ni lini?

Kwa watoto: Ungekuwa mmoja wa wale mia mbili, ungejisikiaje Daudi alipokusalimu?

Kwa wote: Ni familia gani moja inayobaki wikiendi ijayo, nami nitaipikia au nitaipigia simu Jumamosi saa ngapi?

Tuombe

Baba wa mbinguni, wabariki wanaokwenda na wanaobaki. Uwape pumziko walio mlimani na walio jikoni. Linda watoto usiku. Wanaorudi uwafundishe kusalimu kwanza, na waliobaki uwape fungu lao lote. Katika jina la Yesu. Amina.

Anayehitaji mtu wa kukaa na watoto Jumamosi kwa sababu ya zamu, atuone leo baada ya ibada, meza ya chai. Tafadhali usione haya. Sisi wenyewe tuliona haya mwaka ule, na haya hiyo haikutushushia homa ya mtoto.